Ukiingia Chuo cha Jamii Usinyamaze: Majibu ya Barua Zenu

Toleo lililopita niligusia kidogo tu habari za vyuo vya jamii vya serikali hapa Marekani, hivi vya miaka miwili wengi tunavyoviita komyuniti koleji, nikadhani nimemaliza, kumbe ndo nimefungua bomba. Barua zimekuja nyingi, Louisville, Columbus, Dallas, Grand Rapids, na moja kutoka Mwanza kabisa. Nimezisoma zote usiku baada ya kazi na nimechagua zile zinazobeba maswali ya wengi. Mimi mwenyewe nimepita humo kwa hiyo kuna sehemu nitaongea kwa uchungu, mtanisamehe.

SWALI: Jambo dada. Mimi ni mama wa watoto wane, tulifika hapa 2016 tukitokea kambi ya Nyarugusu. Nafanya kazi ya CNA, msaidizi wa manesi, kwenye nyumba ya wazee, shifti ya usiku, mwaka wa sita sasa. Nataka kuwa nesi kamili. Wenzangu wengine wanasema chuo cha jamii kinachukua kila mtu, wengine wanasema unesi hawachukui kila mtu, sasa nani anasema kweli? Na diplome yangu ya Kongo iko mu Kifaransa, itafaa ao nianze upya?
Mama wa Louisville, Kentucky

JIBU: Wote wanasema kweli mama, ndo maana inachanganya. Chuo chenyewe mlango uko wazi, ukishamaliza sekondari unaingia, hakuna anayekuuliza ulipata alama ngapi. Lakini unesi ni chumba kilicho ndani ya hiyo nyumba na kina mlango wake, na mlango huo una foleni. Watu wengi wetu wanaandikishwa chuoni, wanapewa kitambulisho, wanapiga simu nyumbani wanasema nimeshaingia unesi, halafu baada ya mwaka wanagundua walikuwa hawajaomba nafasi yenyewe.

Njia iko hivi. Kwanza unapimwa kiwango cha Kiingereza na hesabu. Halafu unasoma masomo yanayotangulia, hasa anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, maikrobiolojia, uandishi wa Kiingereza na hesabu kidogo. Hapo vyuo vingi vinakufanyisha mtihani unaitwa TEAS, ndo unaomba nafasi ya unesi, na wanaangalia alama zako za hayo masomo. Ukipata ni kama semesta nne, nyingi ziko hospitali kwa vitendo, kisha unakalia NCLEX-RN, mtihani wa leseni ya unesi. Na hapa nataka unisikie vizuri: mtihani huo ni uleule anaokalia mtu aliyesoma miaka minne chuo kikuu, na leseni ni ileile ya RN, yaani nesi kamili. Hospitali kubwa nyingine zinapenda mwenye digrii ya kwanza, ni kweli, ila hiyo utamalizia baadaye kwa masomo ya mtandaoni ukiwa tayari unalipwa mshahara wa nesi.

Kwa mtu mwenye watoto wane na shifti ya usiku, usijidanganye na miaka miwili iliyoandikwa kwenye kipeperushi. Weka minne, ikiwa mitatu na nusu utafurahi.

Diploma yako usiitupe na usiseme hukusoma! Hili linaniuma sana. Nimeona watu waliomaliza miaka yote ya sekondari kambini kwa mtaala wa Kongo, wanafika dirishani wanaulizwa una cheti, wanaona haya kwa sababu karatasi imechakaa ama iko kwa Kifaransa, wanajibu hapana, basi wanapelekwa kufanya GED, mitihani ya kupata cheti kinacholingana na cha sekondari. GED si kitu kibaya, ila ni mitihani minne, kila mmoja unatakiwa alama 145, na kwa Kiswahili haipo, hiyo ni mwaka mzima wa maisha yako umeupoteza kwa neno moja. Peleka diploma ikatafsiriwe na mfasiri anayeweka sahihi na muhuri, uliza chuo wanakubali tathmini ya shirika gani, kisha uwasilishe. Pale mjini kwenu kuna Jefferson Community and Technical College, ni kimojawapo cha vyuo 16 vya mfumo wa jimbo la Kentucky, wamewazoea watu wa kwetu, hutakuwa wa kwanza kuwapelekea karatasi ya Kifaransa.

Huo mtihani wa kupimwa kiwango nao, tafadhali usiende ukitokea shifti. Mimi nilifanya hivyo. Nilitoka kazini saa 1 asubuhi, nikanywa kahawa kwenye gari, saa 2 na nusu nimekaa mbele ya kompyuta macho yanauma, matokeo yakaniweka kwenye hesabu za chini kabisa ambazo unalipia na hazihesabiki kwenye digrii. Semesta nzima nikawa nasoma sehemu na desimali ambazo nilizijua tangu darasa la sita. Lala kwanza, na kabla ya kwenda omba maswali ya mazoezi, yapo bure.

Pesa: jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa masomo wa serikali, ni bure, mtu akikuomba dola 100 akujazie mkimbie. Mwenye green card anastahili, na wewe uliyekuja kama mkimbizi nenda na I-94 yako, ile karatasi ya kuingilia nchini, na karatasi zote za hadhi yako kwenye ofisi ya msaada wa fedha ya chuo ukae nao uso kwa uso. Pell Grant ni msaada wa serikali unaoupata kwa hiyo fomu, hairudishwi kama mkopo ukisoma vizuri, na mwaka wa masomo 2024-25 kiwango cha juu kilikuwa dola 7,395, wakati wastani wa ada ya chuo cha jamii kwa mkazi wa eneo ulikuwa kama dola 4,050 kwa mwaka. Piga hesabu mwenyewe. Ukisoma nusu muda unapata sehemu yake tu, na ina kikomo cha maisha, sawa na semesta 12 za muda kamili, kwa hiyo usiitumie ovyo kwenye masomo usiyoyahitaji.

Na anatomia usiiogope. Mtihani wa mifupa ulivyo ni kwamba mifupa inapangwa mezani na namba juu yake, mnasimama kila mtu kituo chake, kengele inalia, una dakika kama moja hivi uandike jina na upande, wa kulia au wa kushoto, kengele tena, unasogea. Mimi majina niliyaandika kwenye vikaratasi nikabandika kwenye friji, na mwanangu alikuwa na miaka saba, nikisonga ugali yeye ananishika mkono anauliza mama hii nini, namjibu humerus, anashuka chini, na hii, radius, na hii, ulna, nikikosea anacheka na kuanza upya kutoka begani. Wewe unageuza wazee kitandani miaka sita, mwili wa binadamu unaujua kwa mikono yako tayari, kilichobaki ni majina.

SWALI: Shikamoo anti. Nimemaliza kidato cha sita, nipo Mwanza. Kuna kaka mmoja anasaidia watu kwenda Marekani, anasema chuo cha jamii ni rahisi sana kupata na bei ni ndogo, nikifika nafanya kazi najilipia mwenyewe. Anataka milioni mbili za kuanzia. Baba yupo tayari kuuza kiwanja. Nifanyeje?
Kijana wa Mwanza

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwambie baba asiuze kiwanja kwanza. Asome hii.

Kupata nafasi ni rahisi kweli, huyo kaka hajadanganya hapo, lakini kwa sababu ni rahisi humhitaji yeye. Fomu unajaza mwenyewe kwenye tovuti ya chuo. Ushauri unapatikana bure kwa EducationUSA, ni huduma ya serikali ya Marekani yenyewe na Tanzania ipo.

Bei ndogo anayokwambia ni ya mkazi. Chuo cha jamii kinaendeshwa kwa kodi za watu wa eneo lile, ndo maana wao wanalipa kidogo, wewe unayetoka nje unalipa bei ya mgeni ambayo mara nyingi ni mara mbili au tatu. FAFSA, fomu ya msaada wa serikali, haikuhusu kwa viza ya mwanafunzi, F-1. Vyuo vingi vya aina hii havina hosteli, kwa hiyo ongeza kodi ya nyumba, chakula, bima, na gari maana miji mingi basi ni shida. Kabla chuo hakijakupa I-20, karatasi ya kuombea viza, lazima uoneshe pesa ya mwaka mzima wa kwanza ipo, halafu kuna ada ya SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa nje, dola 350 na ada ya viza juu yake.

Sasa hiyo ya kufika na kufanya kazi. Mwenye F-1 kwa kawaida anaruhusiwa kazi ndani ya chuo tu, masaa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na kazi hizo ni chache, zinagombaniwa. Ukionekana umeingia kwenye ghala au mgahawa mtaani bila kibali umevunja masharti ya viza, na kurudi kwenye hali halali ni kazi ngumu mno. Unatakiwa pia kusoma krediti 12 (ndo vipimo vya masomo huku) kila semesta na somo moja tu la mtandaoni ndo linahesabika humo, yaani huwezi kusema nitasoma usiku kwenye laptopu mchana nipo kazini. Nimekaa na vijana wawili kwa nyakati tofauti wanalia mezani kwangu kwa sababu ya mpango kama huu wa kwako, mmoja wao nyumbani walishauza shamba.

Kama kuna ndugu wa kukulaza na mtu wa kulipa ada miaka miwili kwa uhakika, njoo, ni njia nzuri na ya heshima, miaka miwili huku kisha unahamia chuo kikuu kumalizia. Lakini kama mpango mzima umesimama juu ya kazi utakayoipata ukifika, usije kwa njia hii. Na alama zako za kidato cha sita zina thamani hapo hapo nyumbani, omba vyuo vya Tanzania na mkopo wa serikali huku ukiendelea kuulizia.

SWALI: Vitabu ni ghali dada, kimoja dola 180! Mnafanyaje?
Mwanafunzi, Columbus

JIBU: Usinunue kabla ya wiki ya kwanza. Muulize mwalimu kama toleo la zamani linafaa, mara nyingi linafaa. Maktaba ya chuo huwa na nakala ya kusomea pale pale, unapiga picha kurasa za mazoezi. Kwenye ratiba ya masomo vyuo vingi siku hizi wanaweka alama kwa madarasa yanayotumia vitabu vya bure, chagua hayo. Kitu kinachokamata watu ni ile namba ya siri ya kufungulia kazi za nyumbani mtandaoni, hiyo ukinunua kitabu kilichotumika hupewi, kwa hiyo uliza kwanza.

SWALI: Habari dada. Nimebakisha semesta moja nimalize asosieti yangu, ile digrii ya miaka miwili, krediti 60. Nimeomba chuo kikuu cha jimbo, wamenijibu watapokea krediti 31 tu. Mshauri aliniambia zote zinahamishika. Nimechoka, nimefikiria kuacha.
Dada wa Dallas

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Usiache. Barua yako niliisoma nikaiweka chini nikatoka nje kidogo, maana ilinikuta mimi hivyo hivyo, chuo sitakitaja. Niliuliza mtu wa dirishani, zinahamishika? Akasema ndiyo. Nilikosa kuuliza zinahamia WAPI na zinahesabika kama NINI. Krediti inaweza kupokelewa ikawekwa kwenye kapu la masomo ya ziada, ipo kwenye karatasi lakini haikupunguzii somo hata moja la digrii yako.

Chanzo ni kwamba chini ya paa moja kuna vitu viwili. Chuo cha kwanza kabisa cha serikali cha aina hii, Joliet, Illinois, kilianza 1901 kikiwa na wanafunzi sita tu, wazo la mkuu wa shule ya sekondari J. Stanley Brown na rais wa Chuo Kikuu cha Chicago, William Rainey Harper, na lengo lilikuwa moja, kijana asome miaka miwili ya chuo kikuu akiwa kwao halafu ahamie. Baadaye, hasa baada ya vita vya pili vya dunia, yakaongezwa mafunzo ya kazi, ufundi wa magari, uhasibu, unesi, umeme. Vyote vizuri. Ila digrii za upande wa kazi, zinazoandikwa AAS, hazikutengenezwa kwa ajili ya kuhamia, zimetengenezwa uende kazini, na AA na AS ndo za kuhamia. Ukiwa mgeni unaona herufi tatu na herufi mbili unadhani zenye tatu ni kubwa zaidi. Mimi nilidhani hivyo.

Na hatuko wachache. Kama wanane kati ya kumi wanaoanza vyuo hivi wanasema wanataka wafike digrii ya kwanza, lakini wanaoipata ndani ya miaka sita ni kama 16 kati ya 100. Wengi wa hao waliobaki njiani si kwamba hawana akili, walipotezewa muda na pesa kama wewe.

Fanya hivi wiki hii. Angalia digrii yako ni AAS au AS. Chukua silabasi ya kila somo walilolikataa, kama huna mwandikie mwalimu imeli akutumie, kisha waandikie chuo kikuu ukiomba waliangalie upya somo kwa somo, usiende kwa ofisi ya udahili peke yake, nenda kwa idara yenyewe. Wanabadilisha, kwangu walirudisha masomo manne. Texas ina masomo ya msingi ya krediti 42 ambayo vyuo vya umma vya jimbo vinatakiwa kupokeana, angalia kwenye transkripti yako, karatasi ya alama zako, yapi yamo humo na uyataje kwa jina. Hiyo semesta iliyobaki usijiandikishe chochote mpaka chuo kikuu kikuandikie kwamba somo hili litahesabika kama lile. Kwa maandishi. Simu haitoshi, kichwa kutikiswa dirishani hakutoshi.

Na nyie mnaoanza leo, ulizeni huko mnakotaka kwenda kabla hamjaandikisha somo la kwanza. Majimbo mengine yamerahisisha, California kwa mfano tangu sheria ya 2010 wana asosieti maalum ya kuhamia ambayo ukiimaliza una nafasi ya uhakika kwenye mfumo wa California State, ila lazima uwe umeichagua hiyo hiyo, hujiingizi kwa bahati.

SWALI: Niliacha kwenda darasani mwezi wa pili wa semesta sababu ghalani walituongezea masaa mpaka 12. Sikumwambia mtu. Sasa chuo wananidai dola 1,900 na wanasema msaada wangu umefungwa. Mbona hela ilikuwa ya serikali?
Kaka wa Columbus, Ohio

JIBU: Kaka yangu, kunyamaza ndo kumekugharimu, masaa 12 yanaeleweka na kila mtu. Ile Pell unaichuma kidogo kidogo kadiri siku za semesta zinavyokwenda mpaka asilimia 60 ya semesta, ukivuka hapo yote ni yako. Ukiondoka kabla, chuo kinarudisha serikalini sehemu ambayo hujaichuma, halafu wao wanakugeukia wewe kwa ada iliyobaki wazi. Usipojitoa rasmi ukaachia F zote, wanaweza kuhesabu kwamba uliishia katikati. Ungepita kwa msajili ukajitoa somo moja au mawili ukabakiza moja, ungepata W, alama ya kujitoa, ambayo haigusi wastani wako, na deni huenda lingekuwa dogo sana.

Sasa lililotokea limetokea. Nenda ofisi ya fedha uombe kulipa kwa mafungu, hata dola 80 kwa mwezi, wengi wanakubali kabla deni halijapelekwa kwa wakusanya madeni, baada ya hapo inakuwa ngumu. Kufungwa kwa msaada kunatokana na kipimo cha maendeleo, vyuo vingi vinataka wastani wa 2.0 na uwe umemaliza kama asilimia 67 ya krediti ulizoanza. Kuna rufaa. Andika barua ukurasa mmoja, nini kilitokea na nini kimebadilika, ambatisha ratiba za kazi au barua ya msimamizi wako wa ghala inayoonesha masaa yaliongezwa. Usiandike uongo wa msiba. Ukikubaliwa rudi na somo moja tu, la jioni, ulimalize.

SWALI: Nimempeleka kijana wangu chuo cha jamii hapa Grand Rapids, ana miaka 17, nalipa mimi. Nilienda kuuliza maendeleo yake, binti wa pale akaniambia kwa sheria hawezi kuniambia kitu. Mimi baba yake! Huku ni dharau gani?
Mzee wa Grand Rapids, Michigan

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Naelewa ulivyojisikia pale dirishani, kwetu mzazi anaitwa shule hata mtoto akichelewa kengele. Binti hakukudharau. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, FERPA, mtoto akishaingia chuo haki ya taarifa zake inahamia kwake mwenyewe, hata akiwa na hiyo miaka 17 na hata ukilipa wewe. Ipo fomu ya ruhusa, kijana akiisaini utaongea nao, anaweza kuisaini leo.

Lakini kabla ya fomu, mzee, jaribu kitu kingine. Alama zake zote zipo kwenye simu yake, kila kazi aliyopeleka na kila aliyokosa, kwa tarehe. Jumapili mkishakula usimwite kama wa kuhojiwa, mwambie hebu nioneshe hicho chuo chenu kinavyofanya kazi kwenye simu, sikijui. Akae upande wako, afungue mwenyewe, akueleze somo hili ni nini na mwalimu wake yukoje. Akifika kwenye zile nyekundu alizokosa atanyamaza. Na wewe nyamaza kidogo naye, halafu muulize mwalimu huyo anapatikana siku gani ofisini.